Stempu Iliyooshewa Mgeni

Je, kitu kinaweza kuharibika kwa sababu tu kimesafishwa? Ungemuuliza Kalunde swali hilo Jumamosi ile asubuhi, angekwambia hapana.

Nyumbani kwao Matinyani, mgeni anapotarajiwa, kila kitu huoshwa: vikombe, sufuria, viti, hata vibuyu. Kwa hiyo alfajiri Kalunde na nyanya yake, Kasyoki, waliteremka hadi kwenye mto wa mchanga, wakachimba, wakasubiri maji yajikusanye. Walipokuwa wakirudi, nyanya alisimama mara kwa mara akishika magoti, mtungi ukiwa mgongoni.

"Susu, nipe huo mtungi," alisema Kalunde, akimwita nyanya kwa Kikamba.

"Wako unakutosha. Mgeni wetu, Bwana Abdulkadir, akizipenda stempu za babu yako na kuzinunua, tutanunua tangi la kuvuna maji ya paa. Magoti haya yatapumzika."

Marehemu babu, mzee Nzioka, alifanya kazi posta enzi za ukoloni. Alinunua stempu kadhaa akaziweka bila kuzitumia. Baada ya kifo chake, nyanya alizitia ndani ya bahasha, akaihifadhi katika kibuyu cha mbegu za kunde, juu ya jivu kavu linalofukuza wadudu.

Nyanya alipokwenda shambani kuchuma mboga, Kalunde alikifungua kibuyu. Stempu yenye picha ya simba ilizishinda zote kwa uzuri, lakini jivu lilikuwa limepenya na kuichafua kidogo. Mgeni aonyeshwe uchafu? Kalunde aliitia katika bakuli la maji, akaisugua taratibu kwa sabuni. Gundi ya nyuma ikateleza kama uji. Simba akafifia. Jino moja la ukingo wa karatasi likang'oka.

Binamu yake Kitheka alichungulia mlangoni. "Haiya! Umemwogesha simba mpaka amekuwa paka?"

"Usinicheke. Nifanye nini?"

"Ni rahisi. Ikaushe, uipake gundi ya shule, uichanganye na zingine. Mzee huyo hatajua."

Kalunde aliichukua chupa ya gundi. Akisema ukweli, huenda mgeni akaondoka na tangi likapotea. Aliyakumbuka magoti ya nyanya, akaifungua chupa. Kisha akaufikiria uso wa nyanya siku atakapojua. Akaifunga.

Bwana Abdulkadir, mwenye duka la vitu vya kale mjini Kitui, alifika saa sita. Baada ya chai alitoa lenzi na kibano kidogo, akaziinua stempu moja moja bila kuzigusa kwa vidole.

"Mashallah, Mama Kasyoki! Gundi ni nzima, meno yote yapo, rangi haijaliwa na jua. Nyingi za umri huu huletwa kwangu zikiwa zimeharibiwa na unyevu. Ulizitunzaje?"

"Kama ninavyotunza mbegu zangu," nyanya alijibu, akitabasamu.

Kalunde alimsogelea mgeni, akafungua kiganja. "Babu, kuna hii pia. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Nimeiosha leo asubuhi."

Nyanya alishika goti lake. Mgeni aliichunguza stempu kwa lenzi.

"Hii ndiyo ningeilipia zaidi," alisema kwa upole. "Binti yangu, umri peke yake hauipi stempu thamani. Tunaangalia na hali yake. Vumbi ningelipangusa kwa brashi laini, lakini gundi iliyoyeyuka hairudi."

"Hata ikipakwa nyingine?" Kitheka aliuliza, macho yakiwa chini.

"Ningeitambua. Na baada ya hapo nisingeiamini hata moja kati ya hizi." Akamgeukia Kalunde. "Asante kwa kuniambia. Zilizobaki nazichukua zote bila wasiwasi."

Tangi lililonunuliwa lilikuwa dogo kuliko lile nyanya alilolitamani, lakini liliwekwa kabla ya mvua. Jioni ya mvua ya kwanza, nyanya aliketi amenyoosha miguu, akiyasikiliza maji yakiingia.

"Susu, nisamehe. Lingekuwa kubwa."

"Nashukuru kwa hili, na nakushukuru wewe," nyanya alisema. "Ulitaka kunisaidia, nami nililiona hilo. Siku nyingine, kitu usichokijua, uliza kabla ya kukigusa. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema. Ukweli wako ndio uliotuletea tangi hili."

Kalunde alikwenda kuileta stempu ya simba.

"Paka wetu bado yupo?" Kitheka alitania.

"Yupo. Hatauzwa wala kutupwa," Kalunde alijibu, akiwatazama wote wawili. "Jumatatu nitampeleka darasani, na nitawaambia wenzangu kwamba ni mimi niliyemwosha."