Picha ya Mia Saba Ishirini na Moja

Picha zilikuwa mia saba ishirini na moja, na zilitakiwa kuwa mia saba na ishirini.

Kwa mtu mwingine hilo si jambo. Lakini huyu mpiga picha, ambaye mtaa mzima ulimwita Tabasamu kwa sababu kutwa huwaamuru watu watabasamu na yeye mwenyewe hakutabasamu hata siku ya harusi yake, alikuwa mtu wa hesabu. Kamera aliipangia ipige picha moja kila baada ya sekunde tano, kwa saa nzima, jua linapozama. Saa moja ina sekunde elfu tatu na mia sita. Gawanya kwa tano. Huhitaji kuwa msomi.

Kituo kimoja cha televisheni kilitaka video fupi ya machweo, zile zinazobana saa nzima ndani ya nusu dakika, waiweke kabla ya taarifa ya habari. Mawingu yana ujeuri wake, kwa hiyo Tabasamu alipanga kupiga jioni kadhaa mfululizo, kisha achague ile iliyokaa vizuri. Nyumba yao ilikuwa ya juu kabisa kwenye ghorofa, na ngazi za kwenda kwenye paa la saruji zilianzia mlangoni kwao. Huko juu alisimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akauzungushia kila mguu duara la rangi nyeupe ili kesho yake arudi palepale, akaiacha inalia klik, klik, akashuka kunywa chai.

Jioni ile ya kwanza, alipoziunganisha picha kwenye kompyuta, video iliruka katikati. Jua lilikuwa linateremka taratibu, mara kitu cheusi kikapita, mara jua tena. Akaitafuta picha yenye kosa kwenye orodha, akaiona ni kijipicha cheusi tu, akaifuta bila kuifungua. Zikabaki mia saba na ishirini. Video ikatiririka vizuri. Kadi ya kumbukumbu alikuwa nayo moja tu, kwa hiyo akaisafisha yote kwa ajili ya kesho, kama alivyozoea.

“Nimeacha pasi juu ya kitambaa?” mkewe aliuliza kutoka sebuleni.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwenye mimba ya miezi sita, na miezi ile alikuwa anasahau vitu vingi na kuvicheka. Akainuka kwa shida, akakagua. Pasi ilikuwa imepoa, na waya wake haukuwa hata umechomekwa ukutani. Lakini harufu ya nguo inayoungua ilikuwepo kweli, nyepesi, na haikutoka mahali popote.

Jioni ya pili, mia saba ishirini na moja. Safari hii aliifungua. Ilikuwa picha ya mlango wa ngazi, ule wa bati la kijani, umepigwa kwa karibu. Sasa mlango huo ulikuwa nyuma ya kamera. Ili kamera iuone ingebidi igeuke na kulipa jua mgongo, kisha igeuke tena ndani ya sekunde tano. Alipanda kutazama yale maduara. Miguu ya stendi ilikuwa katikati ya rangi, haijasogea hata unywele. Akajiambia kamera imezeeka. Akaifuta.

Jioni ya tatu ilikuwa ngazi zenyewe, zinatazamwa kutoka juu kwenda chini. Jioni ya nne korido ya nyumbani kwake, viatu vyote ukutani vimepangwa, na ndala nyekundu za binti yake, Kidoti, moja imelala chali. Tabasamu alitoka akaenda koridoni. Ndala moja ilikuwa imelala chali.

Hapa mtu mwenye akili angemwita mkewe amwonyeshe. Yeye alifuta, akasafisha kadi, akarudi kula. Tusimcheke sana. Mwanamke ana mimba, mtoto ana miaka sita, na yeye aliona kwamba kitu kikishafutwa, kimefutika. Ndiyo kazi yake ilivyomfundisha. Bwana harusi akifumba macho, unafuta, na tangu hapo hakuwahi kufumba.

Jioni ya tano ilikuwa sebule. Mkewe yuko kwenye cherehani, ameinama, anashona gauni la kijani la mteja, na picha imepigwa juu ya bega lake kwa ukaribu ambao hata yeye mumewe angeuombea ruhusa. Mkewe alikuwa bado analalamikia ile harufu. Alisema pengine mimba imemharibu pua, au ameanza kuwa mtu wa kuchoma nyumba na watoto wake ndani, na safari hii hakucheka. Tabasamu aliona machozi yake. Alijua si pasi. Akamwacha ajilaumu.

Ya sita ilikuwa kitanda cha Kidoti, kimetazamwa kutoka juu, na Kidoti juu yake anachora, ameinua uso kuelekea kwa mpigaji, anatabasamu vizuri kabisa, kama mtoto aliyeambiwa atabasamu.

Aliifuta, akasafisha kadi. Siku iliyofuata hakupanda juu. Alitoa betri kwenye kamera, akaifungia kabatini, akaketi sebuleni ameweka funguo mfukoni, na jua lilipoanza kushuka akasikia kutoka chumbani kwa mtoto, wazi, bila haraka, klik, kisha kimya ambacho alijikuta anakihesabu bila kutaka, moja, mbili, tatu, nne, tano, klik, na harufu ya nguo inayoungua ikaja koridoni ikiwa nzito kiasi kwamba mkewe aliacha cherehani na kukimbilia pasi kwa mara nyingine, maskini, wakati yeye alikuwa tayari amesimama kwenye mlango wa Kidoti na hawezi kuingia wala kurudi.

Mtoto alikuwa ameketi dirishani, uso umeelekea jua. Macho yako wazi. Hakugeuka alipoitwa, wala alipotikiswa. Kila baada ya sekunde tano alipepesa macho mara moja, na kila alipopepesa mlio ule ulitoka machoni mwake, si kwenye kabati.

Saa nzima. Mama yake alimkumbatia, akamwita majina yote aliyowahi kumwita tangu kuzaliwa, na baba yake alisimama pale akihesabu kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya. Ilipofika mia saba na ishirini, Kidoti alishusha pumzi, akawatazama, akauliza kwa nini wanalia na kama chai iko tayari.

Usiku ule Tabasamu alisema yote. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

“Na mimi ukaniacha nadhani ni pasi yangu?”

Tabasamu aliichukua pasi, akaiweka juu ya kabati.

Chini ya ghorofa kulikuwa na saluni ya kusuka, na msusi wake, mama mtu mzima mwenye mdomo usio na breki, alijulikana kwamba huongea na majini kama bibi yake alivyoongea nayo. Watu walimwita Dokta kwa utani, ila wakipatwa na shida walimwita hivyohivyo bila utani. Alikuja kesho yake kabla ya machweo, kitana bado kimechomekwa kichwani, akalalamika juu ya ngazi, akaketi sakafuni mbele ya Kidoti. Jua lilipoanza kushuka na macho ya mtoto yalipoganda, aliacha mzaha. Aliongea chini kwa chini muda mrefu. Kisha Kidoti akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa yake, ila ilikuwa imechoka.

“Nilikuwa napita na jua. Nikaitwa. Klik. Nikaitwa tena. Klik. Sijawahi kuitwa hivyo. Nikageuka.”

“Sasa rudi, baba. Jua lako lile pale,” msusi alinong'ona.

“Nilikuja kwa picha. Nionyesheni picha nirudi nazo.”

Msusi alimgeukia Tabasamu. Alieleza kwamba huyu hana ugomvi na mtu, wala hataki damu wala ubani, amepotea tu, na ile harufu ya kuungua ni yake. Kila jioni alipiga hatua moja, na kila hatua ilibaki kwenye picha moja. Hana alama nyingine ya njia. Tabasamu alete hizo picha sita, zionyeshwe kwa kurudi nyuma, na mgeni ataondoka kwa adabu kama alivyokuja.

“Nimezifuta,” Tabasamu alisema.

“Zote?”

“Zote.”

Msusi alimtazama mtoto, akalitazama jua. Mwishowe akasema basi zipigwe upya, moja kila jioni, kuanzia ya mwisho, na ziwe zilezile, asibahatishe kitu.

Ndipo nyumba ile ikaingia katika kazi ambayo nisingemtakia adui. Jioni ya kwanza alipiga kitanda kutoka juu, Kidoti ameambiwa ainue uso atabasamu, karatasi za kuchorea zikiwa palepale. Jua lilipoanza kushuka akaonyeshwa picha, akainuka, macho yameganda, akatembea hadi sebuleni, akasimama. Mama yake akaangua kilio cha furaha. Jioni ya pili gauni la kijani lilikuwa limeshachukuliwa na mteja, ikabidi mkewe aende kuliazima, akadanganya kwamba kuna mshono alioukosea, yeye ambaye hajawahi kukosea mshono, kisha akainama kwenye cherehani na tumbo lake lile huku mumewe akimpiga picha juu ya bega. Mtoto akafika koridoni. Ya tatu viatu, na ndala nyekundu imelala chali. Mtoto akafika kwenye ngazi. Ya nne ngazi. Akapanda, akasimama ndani ya ule mlango wa bati. Ya tano mlango wenyewe. Kidoti akavuka kizingiti, akasimama juu ya paa, jua usoni, hatua kumi hivi kutoka kwenye yale maduara meupe.

“Imebaki moja,” msusi alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. “Ile ya kwanza. Hapo ndipo alipoingilia. Ilikuwa picha ya nini?”

Tabasamu alimtazama, akamtazama mkewe.

“Sijui. Sikuifungua.”

Mkewe alikaa chini pale pale kwenye saruji.

Alijaribu. Kesho yake alipiga picha ya jua, na mtoto akatikisa kichwa. Siku iliyofuata alipiga tangi la maji, kisha antena, kamba ya kuanikia, sakafu, kivuli chake, mawingu, kiganja chake kimeziba kioo cha kamera, kifuniko chenyewe kikiwa bado juu yake, weusi mtupu, kwa sababu alikumbuka tu kwamba ilikuwa nyeusi, na weusi una namna nyingi kuliko mtu anavyodhani kabla hajatakiwa kuutafuta mmoja. Na kila jioni ile sauti iliyochoka ilisema kwa upole, siyo hiyo, siyo hiyo, mpaka ikafika mahali hata yenyewe ikaacha kusema, ikatikisa kichwa tu, na msusi akachomoa kitana kichwani akakishika mkononi.

“Siwezi kumwonyesha njia ambayo hakuna aliyeiona, mwanangu,” alisema. “Nimefika mwisho wa ninachokijua.”

Akashuka ngazi polepole. Hakulalamika.

Wakaanza kuishi hivyo, maana watu huishi. Kidoti huamka asubuhi akigombania sabuni, huenda shule, hurudi na hadithi zisizo na mwisho. Ni Kidoti kabisa, na hilo ndilo linalowatesa. Jua likianza kushuka hupanda ngazi peke yake, husimama palepale, na kwa saa nzima hayupo. Tabasamu na mkewe hupanda naye. Mkewe hukaa nyuma ya mtoto kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya tumbo ambalo sasa limeshuka na kukaribia siku ya kujifungua. Tabasamu huchuchumaa mbele ya mtoto na kuhesabu anavyopepesa. Wamekubaliana ahesabu. Idadi ikitimia bila kuzidi ndiyo salama yao, ndiyo inayoonyesha kwamba mgeni amesimama alipo na hajapiga hatua.

“Ngapi, Baba Kidoti?” mkewe huuliza kila jioni.

“Mia saba na ishirini,” hujibu kila jioni, na mwanamke hushusha pumzi.

Jana jua lilizama safi, bila wingu hata moja. Alihesabu mia saba kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Akanyoosha mikono ampokee binti yake. Kidoti hakushusha pumzi. Aligeuza shingo taratibu, akalipa jua mgongo, akatazama nyuma kwenye kiti cha plastiki, si uso wa mama yake bali chini yake kidogo, pale mikono ilipokuwa imepumzika, akatabasamu vizuri, akapepesa.

Klik.

Kisha akashusha pumzi na kuuliza kama chai iko tayari. Mkewe alikuwa amefumba macho kwa uchovu, hakuona kitu. Ila alinusa, akakunja uso kidogo.

“Ngapi?” aliuliza.

Tabasamu alimshika mtoto mkono.

“Mia saba na ishirini,” alisema.