Nilitangaza Msiba wa Kaka Yangu, Wakacheka

"Hahahahaaa! Kafa tena?"

Hilo ndilo jibu la kwanza nililopata baada ya kuandika kwenye blogu ya kaka yangu kwamba amefariki.

Damiano wangu! Amekata roho alfajiri, malaria imempanda kichwani, nimetoka kumwacha mochwari na kanga niliyomfutia jasho bado iko begani... na watu wanacheka!

Likaingia la pili.

"Safari hii kafa kwa nini? Uroho au uvivu?"

La tatu lilitoka kwa Katarina wa Morogoro, dada wa watu mpole, hata sisimizi hamkanyagi:

"Poleni wafiwa. Nakuja na hotpoti langu la pilau, tafadhali nyama ziwe za kutosha."

Nilipiga meza ngumi. Nililia jamani... nililia kwa hasira kabla sijalia kwa uchungu.

Sasa msianze kuwatukana. Ngojeni kwanza niwaeleze hao watu ni kina nani, maana hawakuwa wabaya hata kidogo.

Ilikuwa 2008, Mikumi. Enzi hizo bando hatulijui. Intaneti unaifuata dukani, unalipia nusu saa, na ukurasa mmoja unafunguka mwenzio kashamaliza kutafuna muhindi mzima.

Damiano ndiye alikuwa anaangalia duka la intaneti pale kando ya barabara kuu. Wateja wake madereva wa malori, wanafunzi, na wazungu waliotoka kuangalia wanyama. Mimi, Generoza, mdogo wake wa tumbo moja, nilikuwa nasuka nywele kwenye kibaraza cha duka hilohilo.

Wateja wakipungua, kaka anaingia kwenye blogu yake. Aliiita Mezani kwa Damiano.

Huko hakuandika siasa wala mpira. Aliandika chai! Chai ya mchaichai inavyotakiwa kuchemka. Aliandika tembo aliyeingia shamba la jirani akala mahindi, akaacha magugu. Aliandika kandambili zake zilizokatika mkanda akazifunga kwa waya. Mambo ya hivyohivyo tu, ya mtu anayependa maisha yake.

Na watu walisoma! Walikuwa kikundi kidogo cha wenye blogu kama yeye. Katarina aliandika maua yake na kanga za zamani. Na kulikuwa na Yohana wa Mpwapwa.

Huyo Yohana sasa!

Kila Ijumaa walikuwa na kitu chao, wanakiita sahani ya Ijumaa. Kila mmoja anaandika amekula nini, wenzake wanamchambua. Yohana ni Mgogo, basi kila Ijumaa yeye ni mlenda, ile mboga inayoteleza. Damiano alikuwa hawezi kuuona mlenda!

"Huo siyo chakula, ni gundi," anaandika Damiano.

"Mkaguru, kula gundi upate akili," anajibu Yohana.

Kwa msiojua, sisi Wakaguru na Wagogo ni watani. Na utani wetu siyo wa mdomoni tu. Mtani wako hata msibani anakuja kukucheka, na huruhusiwi kununa. Anamsema vibaya marehemu, anajilaza ndani ya kaburi, hatoki mpaka apewe jogoo. Ndiyo kazi yake. Wafiwa wakizidiwa na kilio, mtani ndiye anawaokoa.

Basi hao wawili wakauhamishia utani wao kwenye blogu. Yohana akaanza, akaandika tanzia: Damiano amefariki kwa kunyongwa na mlenda wa kuiba. Wenzao wakaja na rambirambi za uongo, vicheko wiki nzima. Damiano akalipiza, akamuua Yohana kwa kuangukiwa na kibuyu. Wakawa wanauana hivyo kila baada ya muda.

Kuna siku kaka aliandika kwa jina langu kabisa! "Mimi Generoza, mdogo wa marehemu, nathibitisha kwa machozi..." Nilimkuta anaandika huku anajicheka peke yake, na mimi nikacheka, nikaendelea kusuka.

Namba za simu hawakuwa nazo. Nilimuuliza kwa nini.

"Tukianza kupigiana tutamaliza maneno," akasema. "Tutakutana tu. Yohana lazima aje Mikumi nimlishe chakula cha watu."

Hakumlisha.

Sasa turudi pale mezani, nimeloa machozi. Jina la Yohana likatokea.

"Wewe Mkaguru! Unakufa bila kuaga?"

Nikaandika kwa kidole kimoja:

"Kaka Yohana, huyu siyo Damiano. Ni Generoza, mdogo wake. Damiano amefariki kweli. Tunazika keshokutwa nyumbani, Mamboya."

"Hahaha! Generoza yule wa mwaka jana au umepata mpya?"

"Naapa kwa Mungu."

"Hata mwaka jana uliapa!"

"Kaka Yohana, nakuomba. Siyo utani."

Nikangoja jibu. Nikadhani amenielewa. Kisha likaja:

"Sawa. Safari hii nakuja kumzika mwenyewe. Mamboya naijua, kwa lori la mahindi nafika. Jogoo awe mkubwa. Na nikimkuta hai, nazika hivyohivyo!"

Nikaanza kuandika tena. Pu! Umeme ukakatika. Na nje Mjomba Donati ananiita, gari la kubeba mwili limefika.

Mjomba Donati ni kaka yake mama, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Akanikuta nimeishikilia ile kompyuta.

"Unafanya nini humu na ndugu yako yuko mochwari?"

"Nawaarifu rafiki zake, mjomba."

"Rafiki gani? Hawa wa kwenye waya?"

"Ndiyo, mjomba."

"Mtu hajanywa naye hata chai! Miaka yote kijana amekaa anaongea na kioo, hana mke, hana mtoto. Nani atakuja?"

"Watakuja."

"Haya. Tutawaona."

Yale maneno yaliniuma kuliko vile vicheko. Njia nzima, tunapita Kilosa, tunapita mashamba ya zamani ya mkonge ya Rudewa, jeneza linagonga nyuma yangu kila tukikanyaga shimo, niliomba kitu kimoja tu. Aje mtu mmoja. Hata mmoja! Mtu aliyempenda kaka yangu kwa yale maneno yake asimame kaburini, ili kaka asizikwe kama mtu aliyeishi bure.

Na Yohana alisema anakuja. Lakini anakuja anacheka!

Mamboya tulikuta watu wengi, maana msiba kwetu ni wa kijiji. Ila kilichotutisha ni mama. Mama hakulia. Alikaa mkekani macho makavu, mikono kwenye magoti, ukimpa maji hanywi, ukimsemesha anakuangalia tu. Wanawake walianza kunong'ona.

"Asipolia huyu, tutazika wawili."

Siku ya kuzika, jeneza limewekwa uani, limefunguliwa watu waage. Katekista ameshika kitabu. Mimi macho yangu yako barabarani.

Mara nikasikia mtu anasalimia kwa Kigogo kule kwenye migomba.

"Mbukweniiii! Yuko wapi Mkaguru aliyekufa kwa uroho?"

Nikaanza kupenya katikati ya watu nimfikie.

Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, vumbi la lori limemgeuza mwekundu. Amevaa koti la mvua na jua lote lile! Mkononi fungu la mlenda mkavu analipepea juu.

"Mwambieni aamke ale! Nimemletea dawa!"

Kijiji kizima kikaangua kicheko.

"Mtani! Mtani kafika!"

"Afadhali! Tulikuwa tunakufa na vilio hapa!"

Vigelegele! Mtu akamtupia jogoo. Akamdaka, akamkagua miguu, akamrudisha.

"Huyu ni kinda! Mgogo hazikii kinda!"

Watu hoi. Hata Mjomba Donati anajifuta macho kwa kucheka. Nikamwangalia mama... pembe ya mdomo wake ilikuwa imesogea kidogo.

Wote waliona mtani anafanya kazi yake. Mimi peke yangu nilijua kwamba yule mtu hajui!

Kwake yeye wale watu wote walikuwa kwenye mchezo. Kilio, maturubai, katekista, hata jeneza. Alinijua kwa picha ya kwenye blogu, akanijia meno yote nje.

"Generoza! Kumbe upo kweli! Jamani nyie Wakaguru mnaigiza, mpaka jeneza mmenunua!"

"Kaka Yohana..."

"Yuko humo ndani eeh? Kajilaza? Ngoja nimtie mlenda mdomoni uone atakavyoruka!"

"Kaka Yohana, ngoja kwanza nikwambie."

Hakungoja. Nilimshika koti, likanitoka mkononi. Akafika kwenye jeneza, akainama na fungu lake.

Akamwona.

Jamani... kile kicheko hakikuondoka usoni kwake. Kilibaki palepale, ila macho yakaacha kucheka. Nimeona maiti nyingi maishani, lakini sura ya mtu aliye hai sijaona nyingine kama ile.

"Damiano," akasema.

Watu wanasubiri mzaha unaofuata.

"Damiano, amka basi. Nimekuja."

Kicheko! Wanawake wanapigana mabega. "Huyu mtani huyu!"

"Damiano... mimi Yohana. Amka tule."

Akakaa chini kwenye vumbi, kichwa kwenye ubao wa jeneza, akaanza kulia kwa sauti ya mtoto mdogo. Na watu, Mungu awasamehe, wakazidi kucheka! Walisema hawajapata kuona mtani anayejua kuigiza kilio namna ile. Kuna mzee alipiga makofi.

Nilitaka kupiga kelele. "Analia kweli! Nyamazeni!" Lakini mjomba alikuwa ameshanitangulia.

Mjomba Donati akamsogelea, akamwinamia sikioni. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Mtani, umefanya vizuri, lakini sasa inatosha. Mtani halii. Dada yangu ndiyo kwanza ameanza kuchangamka, usije ukamrudisha alikokuwa."

Yohana akainua uso. Akamtazama mjomba. Akamtazama mama yangu pale mkekani.

Nikafikiri atasema ukweli. Alikuwa na haki yote ya kusema.

Akafuta kamasi kwa mkono wa lile koti. Akasimama.

"Nani kasema nalia?" akapaza sauti. "Nalilia mlenda wangu! Ungeliwa na nani sasa?"

Na akaifanya ile kazi mpaka mwisho, ndugu zangu. Akatangulia mbele ya jeneza anacheza. Akaingia kaburini, akajilaza, akasema nyumba ni finyu mno kwa tumbo la Mkaguru. Akadai jogoo wa pili, akapewa, akatoka. Akashika jembe, akafukia huku anatukana. Machozi yalikuwa yanamtiririka muda wote huo, na kila mtu aliyaona, na hakuna aliyeyaamini.

Jua lilipoanza kushuka watu wakatawanyika. Yohana akabaki peke yake nyuma ya jiko, amekaa juu ya kinu, koti amelivua. Nilimpelekea maji.

Mara nikamwona mama anakuja. Anatembea polepole, ameshika ukuta. Yohana akasimama haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa mlenda?"

Tukatazamana. Mama hajui kusoma, kompyuta hajapata kuiona.

"Damiano akija likizo alikuwa ananisimulia," mama akasema. "Kila jioni. Yohana kasema hivi, Yohana kala vile. Nilimwambia aniletee huyo Yohana nimwone."

Yohana akainamisha kichwa.

"Mama, nisamehe. Nilikuja nikicheka. Sikujua."

"Niliona. Mtani hambembelezi maiti. Ulipomwambia aamke mkale, nikajua huyu hakuambiwa."

"Mbona hukusema, mama?"

"Wale wote walikuwa wanahitaji mtani. Ningewanyang'anya?"

Mama akakaa chini. Akapigapiga ardhi pembeni yake.

"Kaa hapa. Wageni wameondoka, kazi yako imekwisha. Sasa mlilie rafiki yako."

Yohana akakaa, akalia. Na mama yangu, ambaye tangu apate habari hakuwa ametoa hata chozi, akamshika yule mtoto wa watu kichwa, akafungua kinywa... akalia mpaka majirani wakarudi mbio.

Mjomba Donati alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akaenda kumtandikia Yohana kitanda chake mwenyewe.

Nyie mnaosoma hii simu mkononi, tanianeni na rafiki zenu wa mtandaoni, chekeni, mwonyeshane sahani zenu. Ni marafiki wa kweli hao, msikubali mtu awaambie vinginevyo. Ila wewe mtafute hata mmoja, umpe namba yako, aisikie sauti yako, aijue ya mama yako au ya mdogo wako. Wote tuna siku moja ambayo lazima tuaminiwe mara ya kwanza tu tunaposema.

Kaka yangu alikuwa na mtu wa kumzika. Nasikitika kwamba alichelewa kumlilia.