Kibati cha Mjomba Ntim

Kila alasiri, akitoka shule, Konadu alipitia karakana ya mjomba wake Ntim pale Suame, mjini Kumasi, akafagia nyuzi za chuma chini ya mashine ya kukereza. Siku hiyo ufagio ulipumzika. Mjomba alimpa kisu cha kukerezea, kipande cha chuma kigumu kisichozidi urefu wa kidole, akinoe mwenyewe. Kwao mali ya mtu humwendea mtoto wa dada yake, na kati ya watoto wote wa dada zake, aliyependa chuma ni Konadu peke yake.

“Uso wa juu uinamie nyuma kidogo,” alisema Mjomba. “Ubavu nao uingie ndani chini ya makali. Kisha pima kwa kibati.”

Kibati kilikatwa kutoka kopo la maziwa, kikiwa na pembe zilezile za kisu kilichonolewa vizuri. Kilining'inia msumarini, upande wa pili wa karakana. Konadu alinoa, cheche zikaruka, makali yakang'aa. Moyo wake ulijaa fahari.

“Umepima?”

“Ndiyo, Mjomba.”

Hakuwa amepima.

Mjomba alikifunga kisu kwenye mashine. Kilipogusa chuma kilipiga kelele, moshi ukatoka. Mjomba alikagua mkanda wa mashine, akapunguza mwendo. Wapi! Akamgeukia Mama Serwaa, aliyeleta ekseli kuukuu ikerezwe iwe mhimili wa kinu chake cha kusagia mahindi ya kenkey, donge la mahindi yaliyochachushwa.

“Mama, ekseli hii ni ngumu mno. Tafuta nyingine.”

“Nyingine nitaitoa wapi saa hizi? Mahindi yana siku tatu majini! Kesho yakinuka nitamuuzia nani?” Akaanza kujifunga upya kitambaa chake kiunoni kwa unyonge, aondoke.

Konadu aliisogelea mashine. Angenyamaza, lawama ingebaki kwa ekseli.

“Mjomba, si ekseli,” alisema. “Nilikudanganya. Sikupima.”

Mjomba alizima mashine. Akakiweka kibati ubavuni mwa kisu, akamwita Konadu.

“Unaona? Ubavu umelala kwenye chuma, makali hayafiki. Kinasugua, hakikati.”

“Loo!” Mama Serwaa akacheka. “Nami nilikuwa tayari kuitukana ekseli ya watu njia nzima!”

Konadu alinoa upya, akapima mara tatu. Safari hii uzi mrefu wa chuma ulitoka ukijikunja, bila kelele. Kabla jua halijazama, Mama Serwaa aliondoka na mhimili wake begani, akiimba.

Konadu alikuwa anarudisha kibati msumarini Mjomba alipomzuia.

“Kaa nacho. Kukosea pembe si neno, hata mimi nilikosea nyingi. Lakini ukisema umepima, mimi nawasha mashine kwa kukuamini, na mama wa watu nusura alale na mahindi yaliyooza. Kisu nina cha kukipimia, mpwa wangu. Neno lako sina cha kulipimia.”