Zamu ya Bibi Harusi

Soko la Kamembe lilifurika watu siku ile, na Uwineza alikuwa anapita mbio na vitenge vyake vya kuuza kichwani. Msumari wa kibanda ukanasa mkono wa gauni lake la njano, ukaupasua hadi begani. Fundi aliyekaa barazani nyuma ya cherehani, futi ya kupimia shingoni, akainuka na sindano.

"Simama hapo, dada. Ukitikisika, nitakushona pamoja na nguo."

"Na ukinichoma?"

"Nikikuchoma, nitakuoa. Ndiyo faini yake."

Uwineza akacheka, akauficha uso kwa ushungi.

Fundi huyo aliitwa Mudathiru. Tangu hapo alimpigia simu kila jioni, mpenzi hapa, sheri pale, mpaka Uwineza akamfungulia moyo. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, akapanga kulipa kwa likelemba: wanawake wa sokoni huchanga kila juma, na mchango wote hupewa mmoja wao kwa zamu. Tatizo, zamu yake ilikuwa mbali, na chuo kilitaka malipo kabla ya masomo kuanza. Asiyelipa, nafasi yake hupewa mwingine.

"Hiyo uniachie mimi," akasema Mudathiru.

Kesho yake Uwineza alipokelewa sokoni kwa vigelegele. Maman Eugénie, kiongozi wa likelemba, akamkumbatia.

"Bibi harusi wetu! Kumbe uko na siri? Mudathiru ametuambia. Muntu akiolewa tunamusogeza mbele, zamu ya juma hili ni yako. Tutaenda wote dukani, tukununulie godoro na masufuria."

Godoro! Uwineza alijitenga pembeni, akapiga simu.

"Mudathiru, umenifanya nini?"

"Sheri, nimekutafutia pesa ya chuo! Bibi harusi si banamusogeza?"

"Banamusogeza, halafu banaenda naye dukani! Pesa haipiti mkononi mwake. Chuo nitakilipa kwa masufuria?"

"Hiyo sikuijua."

"Na kunioa, umeniuliza siku gani? Bamama bamejua kabla yangu! Usinipigie tena."

Jumapili, likelemba ilipokutana, Uwineza alisimama. Hakuwa msemaji, lakini sauti ilitoka imara.

"Bamama, mimi si bibi harusi. Habari ile ilikuwa ya uongo, munisamehe. Lakini zamu ya mbele naiomba, nikasome. Anayeolewa munamusogeza, anayefiwa munamusogeza. Anayekwenda kusoma, naye mumusogeze."

Miguno ikapita. Patricie, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, ndiye aliyekuwa na zamu ya juma lile.

"Na ukishaenda, nani atachanga?"

"Mama atakaa kwenye meza yangu. Tutachanga mpaka mzunguko uishe."

Patricie akamtazama sana. "Zamu yangu nilikuwa nimeshamwachia bibi harusi ambaye bwana yake simujui vizuri. Huyu wa shule ninamujua tangu mutoto. Achukue! Ila siku nikiugua, usinichome sindano kwa hasira."

Wote wakaangua kicheko, na Maman Eugénie akapiga makofi.

Uwineza alipotoka alimkuta Mudathiru mlangoni, kanzu imenyooshwa, uso umenyong'onyea.

"Nilikuja kukiri mbele yao. Nimekuta umeshamaliza."

"Umechelewa."

"Nisamehe, Uwineza. Ilinipasa nianze na wewe. Utakubali nikuoe?"

"Kesho ninakwenda benki kulipa. Unisindikize, ukitaka."

Kesho yake Mudathiru alimngoja nje ya benki. Uwineza alitoka amevaa ushungi wa samawati, risiti mkononi, akitembea kama mtu mwenye barabara yake.

"Uliza tena."

"Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo. Nikimaliza chuo. Utangoja?"

"Nitangoja."

"Basi kwa baba uende na wajomba zako. Usiende peke yako na huo mdomo."

Mudathiru akacheka mpaka wapita njia wakageuka.