Mpwa wa Kasiani

Yunusi alikuwa mpangaji wa shangazi yangu pale Kilakala, na haya nimeyapata kwa shangazi, mwanamke asiyeongeza chumvi hata kwenye mchuzi. Ulikuwa mwaka wa mvua za Elinino, soko huria limepamba moto, kila mwenye vijisenti anafungua duka la dawa. Hospitali moja ya binafsi mjini ilikuwa imeleta mashine ya kusafisha damu, mtumba wa Ulaya, kwa ajili ya wagonjwa wa figo. Mashine ilikuwa moja na wagonjwa sita. Wa saba alisubiri mmoja wao afe.

Wa saba huyo alikuwa Mwanaheri, mdogo wake Yunusi.

Kazi ya Yunusi ilikuwa utafiti. Aliwafuatilia wagonjwa wa mashine ile kwa fomu: nani yu hai, nani kafa, nani kaacha matibabu na kwa nini. Kijana nadhifu, kola imenyooka, kalamu mbili mfukoni. Jumatatu moja Sista Doreen, muuguzi wa mashine, akamwita.

"Kasiani wa Matombo hajaja mara tatu. Nenda ukamwone. Kama yupo, tunamsubiri. Kama hayupo, nafasi ni ya mdogo wako. Lakini nataka fomu na dole la ndugu, Yunusi. Sitaki maneno."

Kasiani walimjua wote. Mzee wa migomba, mtani wa kila mtu. Dole gumba lake lilipasuliwa na panga ujanani, kovu likalikata katikati, na kila alipolibandika kwenye fomu alicheka: "Mnaona? Mimi natia mawili kwa mpigo."

Yunusi alifika Mkuyuni, njiani kwenda Matombo, akakuta barabara imekatika. Kina mama walikuwa wanavuka kwa miguu, mikungu ya ndizi kichwani. Angeweza kuvuka. Akalitazama tope, akavitazama viatu vyake, akamkumbuka Mwanaheri alivyovimba hata macho hayafunguki. Akaingia mgahawani, akaagiza chai na chapati, akatoa fomu. Hali ya mgonjwa: amefariki. Jina la ndugu akabuni. Uhusiano? Akafikiri. Mke wanamjua, watoto wanawajua. Akaandika "mpwa". Mpwa nani anamfuatilia? Akachovya dole lake mwenyewe kwenye wino, akabandika.

Jamani! Si angeuliza mtu yeyote mle mgahawani? Yunusi ni mtu wa Singida, kwao mtoto hufuata baba. Kwa Waluguru, watu wa akina Kasiani, ukoo ni wa mama, na mjomba akifa, mpwa ndiye anayepewa jina lake. Jina, na vyote vinavyoambatana nalo.

Jumanne Mwanaheri akawekwa kwenye mashine. Wakamtoa kilo tatu za maji, akatembea mwenyewe mpaka getini. Yunusi alilia kwa furaha, na furaha ile ilikuwa ya kweli.

Ijumaa akafika Kasiani.

Majirani walikuwa wamembeba kwenye machela siku mbili, wanazama na kuibuka kwenye tope. Karani wa mapokezi akafungua daftari, akalifunga. "Mzee, wewe ulishakufa." Kasiani akacheka, akidhani ni utani. Kisha akamwona Yunusi kwenye korido. "Huyu hapa kijana wa fomu! Waambie nipo, baba."

Ndani, Mwanaheri alikuwa tayari kwenye mashine.

"Simfahamu," Yunusi alisema kwa sauti ndogo.

Kasiani alifia kwenye benchi kabla ya saa nane mchana. Sista Doreen alipotoka alimkuta keshapoa. Akamtazama Yunusi muda mrefu. Kusema kusingemfufua mzee. Akarudi kwenye mashine yake.

Baada ya matanga, Jumapili asubuhi, mama mmoja akabisha hodi kwa shangazi. Chausiku, dada yake Kasiani. Mkononi ana kipande cha kitambaa cheupe.

"Shikamoo, mama," Yunusi alisema.

"Marahaba, mwanangu." Hakuwa na hasira hata kidogo. "Nimeambiwa kuna karatasi. Mpwa wa Kasiani katia dole. Mimi ndiye dada yake wa pekee, na tumbo langu halikuzaa. Miaka yote nimelilia mtu wa kumrithi kaka. Kumbe yupo."

"Mama, yale ni makosa ya karatasi tu."

"Ulimkana akiwa hai. Usimkane akiwa kaburini." Akamfunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono, akainama sikioni kwake, akanong'ona: "Kasiani."

"Naam," Yunusi akaitika. Shangazi anaapa: aliitika kabla hajauziba mdomo kwa mkono.

Jumanne Mwanaheri alitolewa kilo tatu. Jioni viatu vya Yunusi vikakataa kuingia. Akapanda mizani. Kilo tatu zimeongezeka.

Ijumaa Mwanaheri kilo mbili na nusu. Yunusi kilo mbili na nusu.

Mtafiti ni mtafiti tu: akaandika namba zote. Wiki ya tatu miguu ikang'aa. Ukibonyeza, shimo linabaki. Akawa analala ameketi, maji yanamlilia kifuani. Daktari akampima. "Figo zako nzima kabisa, ndugu yangu."

Alhamisi mchana akaenda kwa Mwanaheri, chumba cha pili mle mle kwa shangazi. "Kesho usiende."

"Kwa nini, kaka?"

"Mashine mbovu."

Alimwamini. Kaka ndiye aliyempatia nafasi, angembishia vipi? Ijumaa hakwenda. Yunusi akapanda mizani. Amepungua kilo mbili. Akavuta pumzi mpaka chini. Jamani, pumzi ni tamu!

Jumanne Mwanaheri macho yakaanza kujifumba. "Mashine imepona, kaka?"

"Bado."

Ijumaa akauliza tena, sasa kwa kunong'ona. "Bado, mdogo wangu. Vumilia." Nyuma ya mlango shangazi alikuwa ameshika sufuria la uji, anasikia. Siku ile ile alikuwa amepita hospitali na kuona mgonjwa mwingine anatolewa kwenye mashine, mzima. Akafungua mdomo aseme. Yunusi akageuka na kumtazama, na shangazi anasema yale hayakuwa macho ya Yunusi.

Jumapili saa nne asubuhi Mwanaheri akafa, mdomo wazi, anatafuta hewa, mkono wa kaka yake ameung'ang'ania. Viatu vya Yunusi vilikuwa vinamwenea sawasawa.

Walimzika alasiri. Yunusi hakuonekana makaburini. Shangazi akaenda kugonga chumbani kwake. Mlango wazi, hamna mtu. Nguo zote zipo. Kalamu mbili zipo. Sakafu imelowa kutoka kitandani hadi mlangoni, na mvua siku ile haikunyesha.

Mezani palikuwa na fomu moja, imejazwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Jina la mgonjwa: Yunusi. Hali: amefariki. Uhusiano wa ndugu aliyetoa taarifa: mjomba.

Chini yake palikuwa na dole, limekatwa katikati na kovu. Shangazi akaligusa. Wino ulikuwa bado mbichi.