Nimesoma na Nimekubali

Hadithi hii ni kweli tupu. Haikutiwa chumvi wala sukari, na hakuna hata dakika moja iliyoongezwa ili ipendeze. Anayetaka kumwapisha mwandishi na amwapishe. Mkono uko juu tayari.

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu alikuwa na kazi ya kupima. Mama yake alikuwa fundi wa mikoba ya shule, na katika chumba chake cha kazi kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: kitambaa hakikatwi mpaka kipimwe na watu wawili. Mama anapima, anaandika kwenye daftari na kulifunika. Kisha msichana anapima upya bila kuchungulia. Namba zikilingana, mkasi unaingia. Zisipolingana, wanaanza moja, hata kama mteja amesimama mlangoni anagongagonga mguu. Msichana huyo hakutoka nje bila futi ya kupimia shingoni, mpaka mtaa mzima ukamwita Futi, na jina lake la kuzaliwa likabakia kwenye rejista ya shule tu.

Mwaka huo mambo yaliwaendea kombo. Mwenye nyumba alikitaka chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani. Cherehani mbili zikahamishiwa chumba cha nyuma, karibu na kitanda cha babu, na mikoba iliyokuwa ikining'inia dirishani ikashindiliwa kwenye viroba. Wapita njia hawakuiona tena. Wiki tatu zilipita bila kuuzwa hata mkoba mmoja.

"Tutafungua duka mtandaoni," mama alisema siku moja akiwa na sindano mdomoni. "Mwalimu mkuu wa shule ya jirani anataka mikoba ya aina moja kwa wanafunzi wote. Jumamosi saa nne wana mkutano wa wazazi. Atawaonyesha tovuti yetu, kila mzazi achague rangi na kuagiza kwa simu yake. Tukiikosa oda hii, cherehani ya pili naiuza."

Futi aliitazama cherehani ya pili. Ndiyo aliyojifunzia kushona.

Kwa kuwa darasani kwao hakuna aliyemzidi kwa kompyuta, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta kampuni ya kuiweka tovuti. Alimweleza mama yake kwamba tovuti haielei hewani. Inakaa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa isiyozimwa usiku na mchana, na kampuni yenye seva hukupangisha nafasi humo.

"Kumbe ni kupanga chumba," mama alisema. "Basi hapo mimi ni mtaalamu, maana nimehamishwa vya kutosha. Tafuta cha bei nafuu. Lakini masharti yasomwe na watu wawili, wewe na babu yako, kama kitambaa."

Siku ya Jumanne Futi aliketi mbele ya kompyuta kuukuu ya nyumbani, akaandika majina ya kampuni tatu kwenye karatasi. Ya kwanza ilitangaza kwa maandishi makubwa kama kibao cha barabarani: BURE MWAKA MZIMA. Ya pili bei yake ilikuwa rahisi mno. Ya tatu ilitoza ada kila mwezi, si kubwa, lakini ni ada. Futi alitazama bei, akatazama bei tena, na hakutazama kitu kingine. Akaibonyeza ya kwanza.

Masharti yakafunguka. Yalikuwa kurasa arobaini, kwa herufi ndogo kama sisimizi walio safarini. Mwisho kabisa kulikuwa na kisanduku kitupu, na kando yake maneno: Nimesoma na nimekubali.

Babu, ambaye ndiye angekuwa msomaji wa pili, saa hiyo alikuwa kitini amelala usingizi wa malaika, gazeti limemfunika uso, hana habari ya dunia. Asilaumiwe. Futi alimtazama babu, akazitazama kurasa arobaini, akasikia kelele za wenzake wakicheza uwanjani. Akaweka alama kwenye kisanduku.

"Mmeyasoma yale masharti?" mama aliuliza jioni.

"Tumesoma."

"Wote wawili?"

"Wote wawili, mama."

Mama aliamini. Mtoto huyu hakuwahi kumdanganya hata nusu inchi.

Ijumaa mchana duka lilikuwa tayari: mikoba kumi na miwili, picha safi, bei chini yake. Futi alimpa mwalimu mkuu anwani, kisha akawatumia wanafunzi wenzake wote ili wamsifu. Wakamsifu kweli. Wakaifungua tovuti, wakaifunga, wakaifungua tena, wakawatumia binamu zao, na binamu wakawatumia majirani zao.

Jumamosi saa mbili asubuhi Futi alifungua duka ili alitazame mara ya mwisho kabla ya mkutano. Mikoba haikuwapo. Palikuwa na ukurasa wa kijivu na mstari mmoja: Tovuti hii imesimamishwa. Alifunga, akafungua. Kijivu. Akaizima kompyuta na kuiwasha tena. Kijivu.

"Mama," aliita. "Duka limefungwa."

"Limefungwa na nani? Si tumehamia juzi tu?"

"Na kampuni. Sijui kwa nini."

"Masharti yanasemaje?"

Futi alishika futi iliyokuwa shingoni, akaivuta huku na huku. Angeweza kusema amesahau. Angeweza kusema mtandao umeharibika. Alimwona mama ameinua mguu kutoka kwenye kanyagio, anamsubiri, na uso wake ulikuwa haujakasirika bado. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu zaidi.

"Sikuyasoma," alisema. "Babu naye hakusoma. Nilikudanganya."

Mama hakupiga kelele. Aliukata uzi uliokuwa ukining'inia, akaichoma sindano kwenye kimto chake, akatazama saa ya ukutani. Kule pembeni babu alikohoa na kuanza kuitafuta miwani, ilhali alikuwa ameivaa.

"Yasomwe sasa," mama alisema.

Babu akasogea mbele ya kompyuta, akazisoma zile kurasa arobaini kwa pumzi moja, kidole kikitembea kwenye kioo. "Kifungu cha tisa," akasema. "Matumizi yakizidi kiwango, tovuti itasimamishwa hadi mwezi ujao, ama mteja alipie kifurushi kikubwa cha miaka mitatu kwa mkupuo."

"Miaka mitatu sina," mama alisema. "Tuwaombe picha zetu na jina letu, tuhame."

"Kifungu cha kumi na sita. Jina la tovuti ni la kampuni, si la mteja. Na picha hazitolewi mpaka tovuti ifunguliwe."

"Huyu mwenye nyumba amempita hata wa kwetu. Yule angalau alituachia viroba."

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Mama akampa Futi simu. "Mpigie mwalimu mkuu. Umwambie ulivyoniambia mimi."

"Mimi, mama?"

"Si wewe uliyempa anwani?"

Futi alipiga. Alieleza yote, bila kupunguza. Upande wa pili vilisikika viti vikiburutwa ukumbini.

"Binti, nashukuru umesema mapema," mwalimu mkuu alijibu. "Ila wazazi siwezi kuwarudisha nyumbani. Saa nne nitafungua anwani yenu kwenye kompyuta ya shule, mbele ya wote. Nipe mpya kabla ya hapo. Isipofunguka, kazi nampa fundi mwingine. Yupo hapa na sampuli zake, tena amekuja mapema."

Futi alirudi kwenye karatasi yake kama mtu anayefukuzwa. "Twende kampuni ya pili. Rahisi, na wanafungua papo hapo." Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe.

"Ondoa mkono," mama alisema.

"Mama, muda unakwisha."

"Ukikata kitambaa kwa haraka, muda utakwisha na kitambaa kitakwisha. Soma. Baba, na wewe soma, halafu mniambie kila mmoja kwa wakati wake."

Usomaji ulichukua dakika kumi na tano, na Futi alizisikia zikimpita mgongoni. Alisoma yeye, akasoma babu. Mama akawauliza mmoja mmoja: mwaka wa pili bei ni ileile? Jina litaandikwa kwa nani? Tukitaka kuondoka, tunaondoka na mali yetu? Kwa swali la kwanza tu wote wawili walitoa jibu moja: baada ya miezi mitatu bei ya kampuni ya pili ilikuwa inapanda mara tano.

Walihamia ya tatu, baada ya masharti yake nayo kusomwa na wawili. Ada ya kila mwezi, na haibadiliki. Jina linaandikwa kwa mama. Nakala ya tovuti inahifadhiwa kila siku, na mteja anaweza kuichukua. Kulikuwa na namba ya simu pia. Mama akaipiga kwa majaribio, na akapokea mhudumu mwenye sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Mmeweka picha zenye uzito gani kule mlikotoka?" mhudumu aliuliza.

"Kama zilivyotoka kwenye simu," Futi alisema.

"Ndiyo maana mkazidisha kiwango. Kila aliyefungua duka alikuwa anabebeshwa gunia. Zipunguze kwanza. Jina nalo likishasajiliwa huchukua muda kuamka. Dakika chache, pengine saa moja au zaidi. Hapo mimi sina la kukuahidi."

Saa tatu na nusu Futi alikuwa anapunguza picha zilizokuwa bado kwenye simu ya mama, babu anasoma bei kutoka kwenye daftari, mama anahakiki kila moja. Mkoba wa buluu. Mkoba wa kijani. Wa kahawia, mfuko wa ndani. Saa tatu na dakika arobaini wakamsomea mwalimu mkuu anwani mpya, herufi kwa herufi. Saa tatu na dakika hamsini Futi akaijaribu.

Haikufunguka.

Saa nne kasoro dakika tano, haikufunguka. Mama alichukua kitambaa chenye vumbi la chaki, akaanza kuifuta cherehani ya pili polepole, kuanzia gurudumu hadi miguu. Futi hakuweza kumtazama.

Simu ikaita. Alikuwa mwalimu mkuu, na simu yake ameiacha wazi mezani ili wasikie wenyewe. Sauti za ukumbini zikajaa kile chumba cha nyuma.

"Wazazi, tufike kwenye suala la mikoba. Naandika anwani hapa. Haya." Vitufe vikabofywa. "Inazunguka."

"Tunangoja nini, mwalimu?" mzazi mmoja aliuliza. "Fundi mwingine si huyu hapa?"

"Tumpe dakika moja mwenye zamu. Bado inazunguka."

Babu alikuwa ameushika mkono wa Futi, ama Futi wa babu. Vicheko vya watu vikasikika, kisha kiti kikisukumwa, kana kwamba mtu ameinuka na sampuli zake.

"Hebu kaa kwanza," mwalimu mkuu alisema. "Huu wa buluu mnauona wote mlioko nyuma?"

"Ule wa kahawia una mfuko wa ndani?" sauti ya mama mmoja iliuliza.

Futi aliketi sakafuni palepale. Hadi saa sita oda zilifika mia moja na kumi na nane, na duka halikufungwa hata kwa muda wa kupepesa jicho.

Jioni, baada ya kupima kitambaa cha oda ya kwanza, mama alimketisha Futi mbele yake.

"Unadhani nimekasirika kwa kuwa ulichagua kampuni mbaya?"

"Ndiyo."

"Sivyo. Kupima vibaya kunampata kila fundi, na ndiyo sababu tunapima wawili. Kilichoniuma ni kuambiwa mmesoma wawili wakati hajasoma hata mmoja. Ungeniambia umechoka, ningeketi nisome mimi. Ile alama uliyoiweka kwenye kisanduku ni ahadi, mwanangu, hata kama hakuna mtu anayekuona ukiiweka. Na bei ya kitu uitazame mpaka siku utakayotaka kukiacha, si siku ya kukichukua peke yake."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Shika mkasi."

Hapo ndipo hadithi ilipotakiwa kuishia, na babu, ambaye ndiye aliyeiandika, alikwisha kuweka nukta. Akampa Futi aisome kabla ya kuipeleka shuleni. Futi akaisoma hadi mwisho, mama akishona kando yao.

"Babu, kurasa arobaini kwa pumzi moja?"

"Mapafu yangu ni ya zamani. Ya siku hizi hayako hivyo."

"Na Jumanne ulikuwa umelala usingizi wa malaika?"

"Fofofo."

"Basi nani aliyesema kutoka chini ya gazeti, 'Weka alama tu, mjukuu wangu, mambo hayo hakuna anayeyasoma duniani'?"

Cherehani ikanyamaza. Mama akageuka, akamtazama baba yake, kisha akamtazama Futi. "Mbona siku ile hukuniambia?"

"Uongo wa kusema tumesoma ulikuwa wangu," Futi alisema. "Kosa la babu nilimwachia mwenyewe aliseme."

Babu alijaribu kukohoa, lakini kikohozi hakikuja. "Ni kweli," akasema hatimaye. "Nilisema. Nilikuwa mvivu wa kuinuka."

Mama alinyoosha kiganja. Babu akainuka, akaenda kutoa pochi chini ya mto, akalipa ada ya seva ya mwaka mzima kutoka kwenye pensheni yake. Aliomba jambo moja tu, kwamba ile pumzi moja ibakie kwenye hadithi, nao wakamkubalia.