Jina Lililopigiwa Chafya

Harufu ilianza siku moja baada ya somo la familia, na mwanzoni lawama zote zilibebwa na bucha.

Darasa la Kijerumani lilikuwa orofani, juu ya bucha, katika jengo la zamani mjini Nakuru. Wanafunzi walikuwa watu wazima, wengi wao wauguzi, wote wakiwa na ndoto ya kazi Ujerumani. Linah alikuwa mmoja wao. Alikuwa amebakiza mtihani wa kuzungumza tu. Jioni mumewe Kosgei, mwalimu wa Kemia, alikuwa akiketi mbele yake mezani na kujifanya mtahini.

Siku ile mwalimu Sitati aliwapanga wawili wawili, waulizane habari za jamaa zao. Linah alipangwa na Wangare, mwanamke wa mizaha. Jamaa walio hai walipokwisha na muda ukiwa bado, Linah akaanza kuwataja waliokufa ili asikose la kusema. Kila jina alilotaja, Wangare alilirudia kwa sauti, kama zoezi lilivyotaka. Vumbi lilikuwa likiingia dirishani. Wangare alipotamka "Kimoning", jina la ndugu ya babu yake Linah, Linah akapiga chafya. Darasa zima likamtakia afya njema kwa Kijerumani, likacheka.

Kesho yake kinywa cha Linah kilinuka. Haikuwa harufu ya njaa wala ya jino bovu. Kosgei alikuwa mtu wa kutofautisha harufu kwa kazi yake, na hii aliitambua: nyama iliyosahauliwa ndani ya mfuko wa plastiki juani. Linah alipiga mswaki mpaka fizi zikatoa damu.

Darasani, sauti za kooni zilizomshinda kwa muda mrefu zikaanza kumtoka bila taabu.

"Linah! Hiyo sasa ndiyo koo ya Mjerumani," Sitati alisema. "Ulikuwa umeificha wapi?"

"Mwalimu, hiyo sio koo, ni mtaro umeziba," Wangare akasema, na watu wakacheka. Kisha tone la mate ya Linah likamrukia shavuni. Wangare alipolifuta kwa leso, lilivutika kama mlenda, refu, la kijivu, likakataa kukatika. Hakucheka tena. Aliomba kubadilishiwa mwenzake.

Jumamosi mchana Kosgei alirudi kutoka sokoni akamkuta Linah amechuchumaa jikoni. Mbele yake kulikuwa na beseni la matumbo ambayo hayakuwa yameoshwa. Alikuwa akinywa yale maji ya kijani, na kati ya funda na funda alikuwa akitafuna, polepole, macho yakiwa yamefumbwa kama ya mtu anayesali.

"Linah! Unafanya nini?"

Aliyejibu alijibu kwa Kikalenjin cha kizee, kwa sauti ya mwanamume. Kisha Linah mwenyewe akajitokeza. Alimshika mkono kwa vidole vyenye utelezi, akanong'ona, "Nikuambie, usinicheke. Kuna ulimi mwingine chini ya wangu. Nausikia ukijigeuza. Mlete Kogo. Mlete kabla sijasahau kuongea."

Mchungaji wao alikuja akaomba. Katikati ya sala alitoka kwenda kutapika nje ya geti, na hakurudi. Kosgei akaenda Olenguruone kumchukua Kogo Jepkorir, nyanya yake Linah.

Bibi kizee alisimama mlangoni, akanusa.

"Ni nani amemwita Kimoning?"

"Alimtaja darasani, Kogo. Walikuwa wanajifunza kuongea."

"Na yeye akapiga chafya?"

"Ndiyo."

Kogo aliketi kwanza, ndipo akasema. "Mtoto akizaliwa kwetu, sisi akina mama tunaita waliokufa, mmoja mmoja, na ugoro kidogo puani. Mwenye atapigiwa chafya, huyo ndiye amerudi. Lakini Kimoning hatumwitangi. Alikuwa anafukua ng'ombe wa watu, wale wamekufa na kimeta, anakula. Alikufa ulimi wake ukiwa umeoza mdomoni."

"Anaweza kutoka?"

"Tuite mwingine, mzuri, Linah ampigie chafya. Wawili hawakai pahali pa mmoja. Na wewe unyamaze, unasikia? Hii si kazi ya wanaume."

Walimlaza Linah kwenye kochi, jua la alasiri likiwa bado sebuleni. Kogo alimtia ugoro puani, akaita. Tapsubei. Hakuna. Kiptum. Hakuna. Kila jina lilileta kamasi nyeusi tu, iliyoteremka hadi mdomoni, na mdomo ukailamba. Kogo aliita mabibi na mababu, aliita waliokufa kwa uzee na waliokufa kwa uzazi, sauti yake ikizidi kushuka kadiri majina yalivyozidi kumwishia, na kinywa cha Linah kikawa kinapanuka kupita kiasi cha kinywa, mpaka chini ya ulimi wake Kosgei akauona ule mwingine, mpana, wa zambarau, wenye matundu yaliyokuwa yakitoa maji, ukijisukuma mbele kama mnyama anayezaliwa, ukimziba pumzi, na juu yake macho ya mkewe, yaliyokuwa bado ni macho ya mkewe, yakimtafuta chumba kizima na kumpata.

Majina yalikuwa yamekwisha. Kosgei hakuwa na jingine.

"Linah!" akaita. "Linah!"

Linah akapiga chafya.

Kitu kilimtoka na kuanguka juu ya kitambaa cha meza, kikatetemeka kama ini bichi, kikayeyuka na kuwa maji ya kahawia. Harufu ilikatika papo hapo. Linah alitulia, uso safi, midomo imefumbwa. Kosgei alipiga magoti huku akicheka na kulia.

"Kogo, ametoka!"

"Ametoka." Bibi kizee alikuwa akifunika kikopo chake cha ugoro.

"Mbona basi huna furaha?"

"Tunaitanga wafu, Kosgei. Wafu peke yao."

"Lakini Linah hajafa."

Kogo alimtazama kwa huruma nyingi.

"Hakuwa amekufa," akasema.

Linah alipasi mtihani. Sitati alipiga simu kusema kwamba hajawahi kupata mwanafunzi wa majibu kamili namna ile. Visa inangojwa.

Jioni Kosgei bado huketi mezani na kujifanya mtahini, kwa kuwa asipoulizwa, Linah hasemi.

"Unaitwa nani?"

"Naitwa Linah."

"Umeolewa?"

"Nimeolewa. Mume wangu anaitwa Kosgei. Ni mwalimu."

"Unampenda?"

Husita kidogo, kama mtahiniwa aliyeulizwa swali lisilokuwa kitabuni. Jana, alipofungua kinywa kujibu, hakikutoa harufu yoyote, hata ya chai aliyokuwa ametoka kunywa. Nzi alitua kwenye mdomo wake wa chini, akatembea juu ya meno, akaingia ndani. Linah hakufumba kinywa. Aliendelea na sentensi yake hadi mwisho, polepole, bila kosa hata moja.